Kubadilisha betri ya gari la kisasa nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kwa mikono tu, kubadilisha betri ni kazi ya spana namba 10 na nusu saa. Ugumu wa gari la kisasa uko kwingine. Uko dukani, kwa sababu betri mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa kwa ndani. Halafu uko baada ya kukaza nati ya mwisho, kwa sababu gari lina kompyuta zilizoizoea betri ya zamani, na baadhi yake hazitajua kwamba umeiondoa mpaka uziambie. Wanaoharibu kazi hii wengi huharibu sehemu hizo mbili, kwa hiyo ndizo nitakazozikalia zaidi.

Ninazungumzia betri ya volti 12. Magari ya haibridi na ya umeme nayo huwa nayo, mbali na ile betri kubwa ya kuendeshea. Ile kubwa usiiguse: nyaya zake zina ganda la rangi ya chungwa, hubeba mamia ya volti, na ni kazi ya fundi aliyesomea. Kwenye haibridi nyingi betri ndogo haizungushi injini kabisa. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei (swichi za umeme) zinazoiunganisha betri kubwa. Ndiyo maana haibridi yenye betri kubwa iliyojaa huweza kugoma asubuhi kwa sababu ya kibetri kilichojificha kwenye buti. Angalizo jingine: baadhi ya magari mapya ya umeme yana betri ya volti 12 ya lithiamu, na hiyo hubadilishwa na ya lithiamu kama yake, si na ya risasi uliyoikuta dukani.

Kwanza jiridhishe kwamba mgonjwa ni betri

Stata inasuasua, taa za dashibodi zinafifia ukipiga swichi, au unasikia tik-tik-tik na injini haizunguki. Mtu hukimbilia kununua betri. Lakini dalili hizohizo huletwa na terminali iliyolegea, altaneta (mtambo unaozungushwa na injini kuchaji betri) isiyochaji, au kifaa kinachonyonya umeme usiku kucha. Ukifunga betri mpya juu ya ugonjwa wa zamani, utarudi palepale baada ya wiki mbili.

Mita ya umeme ya bei ya chini inatosha kuamua. Acha gari lilale usiku mzima, kisha pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kabla hujawasha chochote. (Vichwa ninaita vile vigingi vya risasi vinavyochomoza juu ya betri, vikamatio vya waya vinavyovishwa juu yake nitaviita terminali.) Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya 12.0, imekwisha chaji, na ikiachwa hivyo siku nyingi huganda salfeti ya risasi kwenye bamba zake na hairudi kamwe kuwa ilivyokuwa.

Sasa mwombe mtu apige stata huku unaangalia mita. Volti zitashuka, hilo ni kawaida. Lakini betri ambayo ilisoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka chini ya 9.6 wakati wa stata, hiyo imechoka. Injini ikishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.7. Hapa magari mapya huwachanganya watu: altaneta zao huamriwa na kompyuta, kwa hiyo unaweza kukuta 12.8 dakika hii na karibu 15 dakika inayofuata, na zote ni sahihi. Washa taa kubwa na feni, subiri kidogo, pima tena, ndipo uilaumu altaneta.

Umri nao una neno. Betri nyingi huishi miaka 3 hadi 5. Zinazokaa kwenye joto kali hufa mapema, kwa sababu joto huharakisha kuliwa kwa risasi ya ndani. Baridi hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayomuumbua mgonjwa, lakini mara nyingi joto ndilo lililokwisha kumla.

Kusoma lebo kabla ya kutoa pesa

Jambo la kwanza ni aina. Betri ya kawaida ya maji, iwe ya kuongezwa maji au ile iliyofungwa moja kwa moja ambayo wengi huiita kavu, inafaa gari la kawaida. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha ukiachia breki linahitaji EFB au AGM. EFB ni betri ya maji iliyoimarishwa. AGM ina mikeka ya nyuzi za kioo iliyoinyonya asidi yote, ndiyo maana huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi. Kanuni yangu ni moja: gari lililotoka kiwandani na AGM hurudishiwa AGM. Kupanda kutoka EFB kwenda AGM huwezekana, alimradi kompyuta ya gari iambiwe. Kushuka ni kununua betri nyingine baada ya miezi.

Pili ni namba mbili. Ah ni uwezo wa kutunza umeme; fuata ile ya zamani au iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. CCA ni nguvu ya kupiga stata kwenye baridi: ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. CCA ikizidi ya zamani haina madhara. Ikipungua, usikubali, hata muuzaji akikuapia.

Tatu ni umbo, na hapa ndipo nilipoteza Jumamosi nzima. Nilinunua betri yenye Ah ileile, CCA ileile, urefu uleule. Nilipoiweka kwenye trei, kichwa cha chanya kilikaa upande wa hasi. Waya wa chanya ulifika nusu ya njia ukaishia hapo, na nilikaa nikiutazama kama mtu aliyevaa viatu vya mguu mmoja. Kwenye betri za mfumo wa Kijapani, mfano 55B24L, herufi ya mwisho ndiyo inayoeleza vichwa vimekaa upande gani: L au R. Hiyo 24 ni urefu kwa sentimita, na B ni kundi la upana na kimo. Betri za mfumo wa Ulaya huwa na majina kama H5, H6 na H7, upana na kimo vikiwa sawa na urefu ukiongezeka: milimita 242, 278, 315. Usikariri. Piga picha ya betri ya zamani kwa juu, na ukiwa dukani simamisha mpya ikitazama upande uleule. Angalia pia unene wa vichwa, maana kuna vyembamba na vinene, na kitako, maana kibanio cha chini hushika kwenye ukingo wake.

Mwisho, uliza tarehe ya kutengenezwa na umwombe muuzaji aipime mbele yako. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima ikisoma 12.3 si mpya kwa maana yoyote unayoitaka. Hata ile nzuri, ikiwa chini ya 12.5, ichaji kwa chaja ya nyumbani kabla ya kuifunga.

Maandalizi

Utahitaji spana au soketi namba 10 kwa terminali, soketi namba 13 (kwa magari mengine 10 au 12) yenye ekstensheni ndefu kwa kibanio cha chini, brashi ya waya, kitambaa kikuukuu, maji yenye magadi soda, glovu na miwani ya kazi. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hugeuka moto mwekundu ikiwa bado kidoleni.

Betri huenda haipo chini ya boneti. Inaweza kuwa kwenye buti, chini ya kiti, hata nyuma ya tairi la mbele. Kitabu cha gari kitakuonyesha. Yenye kukaa buti au ndani huwa na kimrija kidogo cha kutolea gesi nje. Kumbuka kwamba kipo.

Buti yenyewe ina mtego wake. Kwenye magari mengi hufunguka kwa umeme tu. Niliwahi kutoa terminali ya hasi, nikaweka funguo na spana ndani ya buti ili mikono iwe huru, kisha kwa mazoea nikaibamiza. Mlio ule wa kufungika niliujutia kabla haujaisha. Nilikuja kutambaa ndani kupitia viti vya nyuma na tochi mdomoni, nikitafuta kamba ya dharura. Kwa hiyo: funguo nje ya buti, buti wazi, na lachi yake (komeo la mlango) uifunge taratibu kwa bisibisi kama gari linakataa kulala, yaani kompyuta zake hazizimi, wakati mlango ukiwa wazi. Ukishamaliza, ifungue lachi kwanza ndipo ushushe mlango.

Gari ambalo vioo vyake havina fremu kwenye mlango, teremsha vioo kidogo kwanza, maana hushuka vyenyewe kwa umeme kila mlango unapofunguliwa. Redio yenye namba ya siri, iandike. Zima kila kitu, vuta breki ya mkono, peleka ufunguo wa rimoti mbali na gari, kisha subiri dakika 20 hadi 30. Si uvivu: kompyuta huendelea kuhifadhi mambo yake muda baada ya kuzima, na kuzikatia umeme katikati ya kuandika ndiko kunakozaa taa za onyo zisizoeleweka.

Wapo wanaochomeka kifaa cha kushikilia kumbukumbu kwenye soketi ya uchunguzi ili gari lisisahau chochote. Mimi sikitumii. Kikiwa kimechomekwa, terminali ya chanya bado ina umeme hata baada ya kutoa betri, na ikigusa bodi unachoma fyuzi au zaidi. Naona heri kuweka saa upya.

Kufungua

1. Anza na hasi, yenye alama ya kutoa na mara nyingi waya mweusi. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote, umeme wote wa betri unapita kwenye spana yako. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi haifanyi kitu.

2. Kabla hujavuta, tazama terminali hiyo kwa makini. Kwenye magari ya kisasa mara nyingi ina kiboksi kidogo cha plastiki chenye waya mwembamba: hicho ndicho kihisio kinachoipimia kompyuta umeme unaoingia na kutoka. Usikibanue kwa bisibisi kutoka chini. Legeza nati, zungusha terminali kidogo kushoto na kulia kwa mkono, ivute juu ikiwa imenyooka. Ifunge kitambaa na uisukume mbali isije ikarudi yenyewe.

3. Chanya. Fungua kifuniko chekundu, legeza, toa. Ikiwa juu yake kuna kiboksi cha fyuzi, chomoa vishikizo vyake vya plastiki na uinue chote pamoja, bila kukikunja.

4. Chomoa mrija wa gesi kama upo, kisha fungua kibanio cha chini. Boliti yake hupenda kudondoka kwenye kinga ya chini ya injini na kukaa huko. Sumaku ya kijiti ni rafiki, au weka kitambaa chini kabla ya kuanza.

5. Inua betri ikiwa wima. Nyingi zina kilo 15 hadi 25, na umeinama ndani ya boneti huo ni uzito wa kuvunja kiuno. Ishike kwa mpini wake au kwa pembe mbili za chini, kamwe usiishike kwa vichwa.

Wakati wote huo usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na betri zimewahi kulipukia watu usoni kwa cheche ndogo tu. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi huku ukitafutiwa usafiri wa hospitali.

Kusafisha

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali ndio chanzo cha nusu ya lawama ambazo betri hubebeshwa bure. Mwagia maji ya magadi, yatatoa povu, sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae, suuza, kausha. Trei nayo ipanguse. Ukikuta chuma kimeliwa na asidi, kishughulikie leo.

Kufunga

Shusha mpya ikitazama upande sahihi, hakikisha imekaa kabisa kwenye trei, na ukaze kibanio cha chini kwanza. Betri inayocheza hufa kwa mtikisiko. Rudisha mrija wa gesi. Betri nyingi huwa na matundu mawili ya gesi, moja kila upande: moja linapokea mrija, jingine linazibwa kwa kifuniko kilichokuja na betri mpya, au ukichomoe kwenye ile ya zamani.

Kisha chanya kwanza, hasi mwisho, kinyume cha ulivyofungua. Terminali ishuke mpaka chini kwa kusukumwa na mkono. Isiposhuka, panua mdomo wake kidogo kwa bisibisi. Usipige nyundo: kichwa cha betri kimeungwa na bamba za ndani, na pigo moja laweza kukata kiungo usichokiona. Unapoweka hasi, iguse mara moja kwa uthabiti, bila kupapasa. Kicheche kidogo ni kawaida. Kaza mpaka terminali isizunguke hata ukiikamata kwa nguvu, basi. Risasi ni laini, na mwenye mkono mzito huiharibu. Halafu pakaza grisi au vaselini juu, baada ya kukaza, si kabla.

Kabla ya yote hayo, thibitisha alama mara mbili. Kugeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, huunguza fyuzi kuu, daiodi za altaneta, na ukikosa bahati kompyuta zenyewe.

Kulitambulisha gari na betri yake

Magari mengi, hasa ya Ulaya yenye kihisio kile kwenye hasi, huweka hesabu ya umri wa betri na kubadilisha namna ya kuichaji kadiri inavyozeeka. Ukifunga mpya bila kusema, kompyuta inaendelea kuichaji kama ile kongwe, na betri nzuri inazeeshwa kabla ya wakati. Kusajili hufanywa kwa mashine ya uchunguzi inayochomekwa chini ya usukani, au programu ya simu yenye kifaa chake kidogo, mradi iwe inaweza kazi hiyo kwa aina ya gari lako. Ukiwa umebadilisha aina au Ah, kusajili pekee hakutoshi: lazima pia uandike uwezo na aina mpya. Yapo magari yanayojifunza yenyewe yakilala saa kadhaa bila kuguswa, na mengine hayana habari na mambo haya kabisa. Kitabu au muuzaji wa vipuri vya gari hilo atakuambia lako liko kundi gani. Lijue kabla ya kufungua nati, si baada.

Ukiwasha mara ya kwanza, usishtuke dashibodi ikijaa taa za njano. Taa ya breki za ABS au ya kuzuia kuteleza huondoka ukizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, kisha ukiendesha taratibu umbali mfupi ulionyooka. Kioo kinachokataa kupanda chenyewe, kipandishe na uendelee kushikilia swichi sekunde chache kikiwa juu. Injini ikiunguruma vibaya ikiwa imesimama, iache dakika kumi bila kukanyaga mafuta. Gia otomatiki inaweza kugonga kidogo siku ya kwanza. Kujizima kwenye foleni kunaweza kuchelewa siku moja au mbili, mpaka kihisio kiijue betri. Taa ambayo haiondoki baada ya safari kadhaa ndiyo ya kusomwa kwa mashine.

Betri ya zamani isimamishe wima mahali ambapo watoto hawafiki, asidi yake usiimwage popote, na uirudishe dukani unaponunua au kwa wanaokusanya. Risasi yake huyeyushwa ikatengeneza betri nyingine, na maduka mengi hukupunguzia bei kwa ajili yake.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, rudi na mita. Ukisoma 12.6, kazi imekwisha. Ukisoma 12.2, usikimbilie kumgombeza muuzaji: gari likishalala kabisa halipaswi kunyonya zaidi ya miliampea 50 hivi, na lako huenda lina kitu kinachokesha. Anza na kamera ya dashibodi, kifaa cha kufuatilia gari, na redio iliyoongezwa baadaye, ukichomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mita, ikiwa imewekwa kupima ampea, imeungwa kati ya waya wa hasi na kichwa cha hasi cha betri.